Mechi haiamuliwi kipindi cha kwanza

Aprili 4, 2022, timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, ilikwenda mapumziko ya fainali ya vyuo ikiwa nyuma ya North Carolina kwa pointi 15. Iliibuka na ushindi wa 72-69.

Msomaji wangu wa Ruaha Mbuyuni, naitaja mechi hiyo kwa sababu wengi mkiambiwa mna presha au kisukari mnaanza mazoezi Jumatatu, Ijumaa mmeacha. Pumzi inakata, miguu inauma, na presha ikipimwa iko palepale. Huko si kushindwa. Moyo na misuli huhitaji wiki kadhaa kuzoea, na presha hushuka taratibu.

Anza kwa kutembea haraka dakika 10, uongeze hadi 150 kwa wiki. Kulima vitunguu nako ni mazoezi, ila msimu ukiisha usikae bure. Kwa joto la kwenu, toka alfajiri au jioni, unywe maji. Dawa usiache. Kifua kikibana au ukipata kizunguzungu, simama, uende kituo cha afya.

Wiki ya kwanza isikutoe uwanjani.