Taa za Mafuta za Baiskeli za Zamani



Wanafunzi wetu wanaijua baiskeli, au kinga kama wengi huku kwetu wanavyoiita, tangu utoto wao. Wanajua kuziba tairi, kukaza nyororo na kurekebisha freni. Lakini tukiwauliza: Watu wa zamani walipataje mwanga wa njiani usiku, kabla ya dinamo na kabla ya betri? wengi hunyamaza. Jibu ni hili: walichukua moto. Walichukua utambi na mafuta, wakavitia ndani ya kisanduku cha bati, wakakifunga kwenye chombo kinachotikisika na kukimbia kupingana na upepo, nao wakataka moto usizimike wala mafuta yasimwagike. Mwenye kuchukua kibatari kutoka nyumbani mpaka jikoni siku ya upepo anajua ugumu wa jambo hilo.

Tuangalie basi jinsi mafundi walivyolishinda, kwa maana ndani yake kuna somo la ufundi, tena kuna somo la mapendo ya jirani.

Katika miaka ya 1870 na mwanzo wa miaka ya 1880, baiskeli iliyopendwa huko Uingereza haikufanana na ya leo. Gurudumu la mbele lilikuwa kubwa mno, kimo chake mita moja na robo, na mara nyingi kupita hapo. La nyuma lilikuwa dogo kama la kitoroli. Pedali zilifungwa katika gurudumu la mbele lenyewe, bila nyororo. Kwa hiyo gurudumu likizunguka mara moja, miguu nayo ilizunguka mara moja tu. Ndiyo sababu walilikuza gurudumu, wapate kwenda mbali kwa kila mzunguko. Mpanda baiskeli aliketi juu kabisa, karibu sawasawa na katikati ya gurudumu. Likigonga jiwe au shimo, alirushwa mbele, kichwa kikitangulia. Tena tairi hazikuwa na pepo ndani yake. Zilikuwa mpira mtupu mgumu, na kila jiwe la njia lilimtikisa mtu hata mifupa.

Je, taa ya chombo kama hicho itawekwa wapi? Wengine waliifunga juu, karibu na usukani. Lakini huko juu mwanga ulikuwa mbali na ardhi, na mtikiso wa usukani ulisumbua moto. Mafundi wakatafuta mahali pengine, wakapaona mahali ambapo mtu asingedhani: ndani ya gurudumu lenyewe. Waliitundika taa kwenye chuma cha katikati ya gurudumu, kati ya safu mbili za spoki.

Msomaji atasema: Gurudumu likizunguka, taa nayo si itazunguka, na mafuta yatamwagika? Hapana. Funga ndoo ya maji kwa kamba kwenye mti uliolala, kisha uzungushe mti ule polepole huku kitanzi cha kamba kimelegea. Mti utazunguka, lakini ndoo itabaki chini, imesimama wima, kwa sababu uzito wake unaivuta chini sikuzote. Ndivyo ilivyokuwa taa ile. Juu yake ilikuwa na pete yenye bawaba, iliyofunguka na kufungwa tena kukizunguka chuma cha katikati. Ndani ya pete walitia ngozi au kitambaa, isipige kelele wala kukwaruza. Chuma kilizunguka ndani ya pete, na taa ikaning'inia chini yake. Kazi ya fundi ilikuwa kuipima pete vizuri: ikibana mno, gurudumu litaikamata taa na kuibiringisha, ikilegea mno, taa itarukaruka.

Mtu aliyejulikana zaidi kwa taa hizo ni Joseph Lucas, wa mji wa Birmingham. Alizaliwa mwaka 1834. Hakuanza kama tajiri. Alikuwa baba wa watoto wengi, asiye na kazi, naye alisukuma mkokoteni katika njia za mtaa wa Hockley akiuza mafuta ya taa. Baadaye akauza na kutengeneza vyombo vya bati, kama ndoo na makopo, kisha taa za meli. Mwana wake Harry aliingia katika kazi ya baba yake akiwa na umri wa miaka 17 hivi. Mwaka 1879 walitoa taa ya kutundikwa gurudumuni, wakaipa jina la kujivuna: King of the Road, maana yake Mfalme wa Njia. Taa hiyo ilisifiwa sana, na jina lile likaendelea kuandikwa juu ya taa zao nyingi za miaka iliyofuata. Joseph Lucas alikufa mwaka 1902 huko Napoli, katika nchi ya Italia, kwa ugonjwa wa tifoidi. Kiwanda kilichoanzia katika mkokoteni wa mafuta kilikuwa kimekwisha kuwa kikubwa.

Tufungue sasa kisanduku chenyewe tuone yaliyomo. Chini kabisa palikuwa na kikopo cha mafuta. Mara nyingi walikishindilia pamba au sufi, ili mafuta yasichezecheze njiani. Pamba iliyanywa, na utambi ukayavuta kutoka humo kidogo kidogo. Utambi ulipandishwa na kushushwa kwa kigurudumu chenye meno, kama katika taa zetu za petroli za nyumbani. Nyuma ya moto palikuwa na kioo cha bati au shaba nyeupe iliyong'arishwa, kilichokunjwa kama bakuli, kuurudisha mwanga mbele. Mbele palikuwa na kioo kinene chenye tumbo, kilichoukusanya mwanga usitawanyike. Taa nyingi zilikuwa pia na vioo vidogo vya rangi ubavuni: chekundu upande wa kushoto, cha kijani upande wa kuume, kwa desturi ile ile ya taa za meli.

Jambo gumu kuliko yote lilikuwa hewa. Vijana wanaweza kulijaribu pamoja na mwalimu wao. Washeni mshumaa, mkaufunike kwa gilasi: baada ya kitambo kidogo mwali utakufa, kwa kuwa hewa imeharibika. Washeni tena, mkaupeleke wazi penye upepo: utakufa pia. Moto wahitaji hewa ili uishi, na hewa ile ile ikija kwa nguvu huuua. Basi fundi alitoboa vitundu vidogo karibu na chini ya taa, akavifunika kwa vipande vya bati ili upepo usiingie moja kwa moja. Juu akaweka dohani yenye vifuniko. Hewa yenye joto ilipanda na kutoka juu, na kwa kutoka kwake ikavuta hewa nyingine baridi kupitia vitundu vya chini. Hivyo moto ulipumua bila kupigwa na dhoruba.

Na mafuta je? Zamani walitumia mafuta ya kolza, yakamuliwayo katika mbegu za mmea mmoja wa jamaa ya kabichi, wenye maua ya manjano. Ni mafuta mazito. Hupanda polepole katika utambi, na utambi huungua na kufanya kaa. Lakini hayawaki kwa upesi yakimwagika. Mafuta ya taa, tuyaitayo petroli, yalikuwa yameanza kuenea baada ya James Young wa Uskoti kupata hati ya ufundi wake wa kuyatengeneza, mwaka 1850. Hayo ni mepesi, hupanda haraka na kutoa mwanga mweupe zaidi. Bali hutoa moshi upesi utambi ukizidi, na hatari ya moto ni kubwa. Watu wengine walichanganya mafuta ya aina mbili, wengine walitia kipande cha kafuri wakitumaini mwanga bora. Tena viungo vya bati vilivyoshikwa kwa lehemu viliweza kuyeyuka moto ukizidi. Kwa hiyo mafundi wengine waliviunga kwa riveti.

Mwaka 1885 John Kemp Starley wa mji wa Coventry alitoa baiskeli yake iitwayo Rover, yenye magurudumu mawili yaliyokaribia kulingana, na nyororo ya kuzungusha gurudumu la nyuma. Hiyo ndiyo mama ya baiskeli zetu. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, huko Belfast, akatoa tairi yenye pepo. Gurudumu kubwa likapitwa na wakati, na taa ya ndani ya gurudumu pamoja nalo. Taa sasa ikafungwa mbele, chini ya usukani. Kwa ajili ya mtikiso mafundi waliiweka juu ya mikono miwili midogo iliyolala sambamba, mmoja juu ya mwenzake, pamoja na springi. Kwa nini miwili? Kwa sababu taa ikishikwa kwa mkono mmoja tu wenye bawaba, itainama kila ipandapo na kila ishukapo, na moto utalamba kioo. Mikono miwili iliyo sawa huipandisha na kuishusha taa ikiwa imesimama wima sikuzote.

Baada ya kazi hiyo yote, mwanga ulikuwa kiasi gani? Ulikuwa kama wa mishumaa michache tu. Mtu aendaye kilometa 15 kwa saa hupita mita 4 na zaidi kwa kila sekunde. Kwa mwanga ule dhaifu aliweza kuona shimo pengine akiwa amekwisha kulifikia. Ndiyo maana watu walifurahi ilipotokea taa ya kabidi. Mwaka 1892 ilipatikana njia ya kutengeneza kabidi kwa wingi katika tanuri la umeme. Maji yakiidondokea kabidi, hutoka hewa iwakayo kwa mwanga mweupe mkali, iitwayo asetilini. Kabla ya miaka ya 1890 kwisha, taa za namna hiyo zilikuwa zikiuzwa kwa wapanda baiskeli. Baadaye ukaja umeme.

Hapa, wasomaji wapenzi, tuulize swali lililo la maana kuliko mengine. Ikiwa taa ya mafuta haikumwonyesha mtu njia vizuri, kwa nini walijitaabisha nayo? Sheria ya Uingereza ya mwaka 1888 yatujibu. Ilihesabu baiskeli kuwa gari kama magari mengine, ikaamuru kwamba tangu saa moja baada ya jua kutua hata saa moja kabla ya jua kuchomoza, kila mpanda baiskeli awe na taa iwakayo mbele. Na taa hiyo ilitakiwa iwe na mwanga wa kutosha kuwajulisha wengine kwamba chombo kinakuja na kiko wapi. Angalieni vema: sheria haikuuliza kama mwenye baiskeli anaiona njia. Iliuliza kama wengine wanamwona yeye.

Hilo ndilo tunalolisahau. Kila mara twasikia mtu akisema: Mimi naijua njia hii, sihitaji taa. Pengine ni kweli anaijua. Lakini mama atokaye sokoni na mzigo kichwani hajui kwamba yeye anakuja. Mtoto anayevuka njia kwenda kwa bibi yake hajui. Mwenye lori hajui. Taa ya mbele na alama nyekundu ya nyuma si mali ya mwenye baiskeli peke yake. Ni deni analowalipa watu asiowafahamu.

Tunajua pia shida ya nyumba nyingi. Kuna jamaa zenye taa moja tu, ile ndogo ya betri au ya kuchajiwa kwa jua. Jioni baba ataka kwenda nayo mkutanoni kwa baiskeli; mama aihitaji kwa kumhudumia mtoto mgonjwa; mwana aihitaji kwa masomo yake. Apewe nani? Hatuwezi kuamua badala yenu yote yaliyo ndani ya nyumba zenu. Twasema neno hili moja: taa ikibaki nyumbani, baiskeli nayo ibaki. Baba aende kwa miguu, akishika ukingo wa njia na kuvaa nguo nyeupe, au aahirishe safari hata kesho. Na pasiwe na mzazi atakayemtuma mtoto wake juu ya baiskeli gizani bila mwanga, hata kwa chumvi, hata kwa dawa ya karibu. Chumvi inaweza kungoja asubuhi. Kwa dawa, aende mtu mzima, asukume baiskeli kwa mkono.

Na ninyi mlio na taa, zitunzeni. Mpanda baiskeli wa zamani alikuwa na kazi kila jioni: kukata kaa la utambi, kufuta masizi katika kioo, kujaza mafuta. Aliyeyaacha hayo alijikuta gizani katikati ya safari, kama wale wanawali wapumbavu wa Injili waliochukua taa bila mafuta ya akiba. Kazi yetu ni nyepesi kuliko yake: kuchaji betri mchana, kupangusa vumbi, kukaza skurubu iliyolegea. Anayefanya hivyo kila siku, huenda asijue kamwe ni nani aliyefika kwake salama kwa sababu ya mwanga wake. Mungu anajua.

Jumapili hii, mkirudi kutoka kanisani, kila baba na kila kijana aitazame baiskeli yake mbele na nyuma, kabla ya jua kutua.