Bwenini Simu Marufuku, Mtaani TikTok Inawasubiri

Oktoba 2019, mabweni mawili ya Sekondari ya Kiwanja, wilayani Chunya, yaliteketea. Wanafunzi walituhumiwa kuyachoma baada ya kunyang'anywa simu. Albert Chalamila, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Mbeya, akawacharaza viboko hadharani wanafunzi 14, na mamia ya wenzao wa kidato cha tano na cha sita wakarudishwa nyumbani. Nchi nzima ikabishana kuhusu viboko. Suala la simu likapita kimyakimya.

Mkoa ni uleule, Julai 2024. Mahakama ya Wilaya ya Rungwe ilimhukumu msanii wa miaka 24 faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miaka 2, kwa video ya TikTok iliyomwonyesha akichoma picha ya Rais. Sheria iliyomtia hatiani ni ile ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Watu wakamchangia faini, akatoka. Mwezi uliofuata ikaripotiwa kwamba ametekwa. Safu hii inaiona adhabu ile kuwa nzito mno. Lakini je, ni wanafunzi wangapi wa sekondari za Loleza na Sangu mkoani Mbeya, au Tosamaganga na Ifunda mkoani Iringa, waliowahi kusomewa darasani hata kifungu kimoja cha sheria hiyo?

Mtoto wa bweni hukaa miaka minne, wengine sita, bila simu. Anamaliza mtihani wa kidato cha nne Novemba, na kabla ya Krismasi anayo simu janja mkononi. Papo hapo anakutana na ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", picha za kughushi, na mtu asiyemfahamu anayemwomba picha za faragha. Hakuna aliyemwandaa.

Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umepeleka kompyuta katika shule nyingi, na unastahili pongezi. Ila kujua kibodi na kipanya hakumfundishi binti kuhakiki habari kabla ya kuisambaza, wala kutengeneza video ya dakika moja itakayompatia mama yake mnunuzi wa parachichi.

Wa kufundisha hawako mbali. Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, mjini Iringa, huandaa walimu. Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Redio za mikoa yote miwili zina watangazaji wanaohariri sauti kila siku. Marufuku ya bwenini na ibaki. Shule zinunue simu chache, zikae ofisini kwa mwalimu, zitoke kwa vipindi viwili kila wiki, kuanzia kidato cha kwanza.