Miguu Si Adhabu, Mheshimiwa

Kwenye mahafali ya darasa la saba hapa Namasakata, mgeni rasmi alichelewa saa mbili na nusu, akashuka kwenye gari lenye kiyoyozi, akawaambia watoto: "Someni kwa bidii, la sivyo mtatembea kwa miguu kama babu zenu." Watoto wakacheka. Mimi, babu mmojawapo, nilikaa safu ya pili, viatu vimejaa vumbi.

Tangu lini miguu ikawa adhabu? Siku hizi anayetembea ameishiwa nauli, basi. Nikitoka alfajiri kufuata mkondo wa mto, kijana wa bodaboda hupunguza mwendo: "Babu, panda, utanilipa kesho." Nikimjibu naenda kuutazama mto, hunitazama mimi.

Mkoa mzima umebeba jina la mto Ruvuma. Mheshimiwa anaujua kwa lipi? Kwa kuupita pale Mtambaswala, juu ya Daraja la Umoja, vioo vimepandishwa? Kuuvuka mto si kuujua. Mto hujulikana kwa nyayo. Livingstone, yule msafiri wa Kizungu, alijifunza hilo kwa taabu. Mwaka 1861 aliuingia kwa meli ya mvuke, Pioneer. Maji yakapungua, akarudi baharini. Mwaka 1862 akaja na mashua, miamba ikamzuia. Mwaka 1866 akashukia Mikindani, akanyoosha mikono, akatembea. Ndipo akaufuata hadi bara, kwa Wayao.

Na alitembea na nani? Miongoni mwa wenzake wa safari alikuwamo Chuma, Myao aliyeonja utumwa akiwa mtoto. Livingstone alipofariki mwaka 1873, Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bagamoyo. Kwa miguu, mheshimiwa. Hao ndio babu unaowatishia watoto. Halafu shuleni anatajwa "mgunduzi" mmoja tu, kana kwamba wenyeji waliishi kando ya mto huo wamefumba macho.

Najibiwa: "Mtoni kuna mamba." Wapo. Lakini sijasikia mamba aliyemgonga mtu usiku bila taa, akakimbia. Mwingine kaniambia kufuata mito ni kazi ya Wazungu waliokosa kazi. Haya, tuwatazame hao. Waingereza, wenye treni kila upande, mwaka 1996 walifungua rasmi njia ya miguu kando ya mto Thames, zaidi ya kilomita 290, kutoka chanzo chake hadi London. Wenye treni wanatembea. Sisi wa huku Ruvuma tusio na treni ndio tunaona haya! Chanzo cha Ruvuma kipo milima ya Matogoro, mlangoni kabisa pa Songea. Ni wangapi mjini pale wamewahi kupanda wakakiona? Huko mto unakoingia baharini, kusini mwa Mtwara, ndiyo usiseme.

Mahafali yalipokwisha, gari la mheshimiwa lilizama kwenye mchanga wa korongo, hatua chache kutoka shuleni. Watoto wakasukuma mpaka likatoka. Dereva akanijia kwa adabu: "Shikamoo, babu. Hapa panavukika wapi?"

Nikamwonyesha. Napajua, napita pale kila siku, kwa miguu.