Chakula cha Kuku wa Nyama: Shaka Yetu Imeelekea Wapi?

Kila anapotajwa kuku wa nyama husikika minong'ono juu ya "unga wa kizungu" unaotiwa katika chakula chake. Unga unaokusudiwa aghalabu ni vimeng'enya. Kwa maoni yangu, shaka hiyo imeelekezwa pasipostahili, na pale panapostahili pamenyamaziwa.

Takriban theluthi mbili ya fosforasi iliyomo katika mahindi na soya imefungwa ndani ya kitu kiitwacho faiteti, na tumbo la kuku halina nguvu ya kutosha kuifungua. Kimeng'enya cha faitezi, kilichoingia sokoni mwaka 1991, huivunja faiteti hiyo, mifupa ya kifaranga ikapata madini yake na mfugaji akapunguziwa gharama. Hutengenezwa kwa kuchachusha kuvu au bakteria. Vipo pia vimeng'enya vya kumsaidia kuku alishwaye ngano au shayiri. Mfugaji wa kwetu anayetegemea mahindi hanufaiki navyo sana, basi asibebeshwe na wauzaji.

Tatizo liko kwenye protini. Kifaranga wa nyama huhitaji chakula chenye protini ya asilimia 22 hivi katika wiki za mwanzo, ilhali mahindi yana 8 au 9 tu. Pengo hilo huzibwa kwa mashudu ya soya, yenye asilimia 44 hadi 48, au kwa dagaa, ambao mara nyingi huja na mchanga mwingi. Soya mbichi haifai, kwani huzuia usagaji wa protini tumboni. Sharti ipashwe moto. Kisha kuna unga wa damu, unaokaribia asilimia 80, nao huwashawishi wachanganyaji.

Damu imeharamishwa waziwazi katika Suratul Maida. Atasema msemaji: anayeila ni kuku, si sisi. Ni kweli, lakini Mtume (S.A.W.), kwa mapokezi ya Ibn Umar, amekataza kuliwa jallala, yaani mnyama alishwaye najisi. Wanazuoni wamekhitalifiana: Mashafii huona ni makuruhu pindi nyama inapobadilika, na wapo walioharamisha. Haya si mambo ya kupuuzwa na umma unaokagua kisu cha mchinjaji kwa makini kiasi hiki! Isitoshe, damu ina upungufu mkubwa wa isoleusini, hivyo kuku anayeitegemea hakui vizuri.

Ndugu zetu waishio Ulaya wana mtihani mzito zaidi. Huko unga wa nyama na mifupa ulipigwa marufuku mwaka 2001 kwa sababu ya kichaa cha ng'ombe. Mwaka 2021 Umoja wa Ulaya ukaruhusu protini ya nguruwe katika chakula cha kuku. Je, muhuri wa halali uliobandikwa kwenye pakiti unasema lolote juu ya hilo?

Wafugaji wa kila msikiti wanaweza kuchanga na kununua mashudu ya soya kwa pamoja, wakachanganya wenyewe na kuongeza methionini ambayo soya haina ya kutosha. Aliyekwisha nunua gunia lenye damu akumbuke kwamba Ibn Umar alikuwa akimfungia kuku siku 3 kabla ya kumla. Kuku wa nyama huchinjwa akiwa na wiki 5 au 6, na wengi hulishwa gunia lilelile hadi siku ya mwisho. Siku hizo 3 na zitengwe, alishwe mahindi na soya peke yake.