Rimu zisizong'aa hazitaki mkono wa sufuria

Swali la wiki hii limetoka kwa baba wa watoto watatu. Amenunua gari lililotumika kutoka Japani, na kilichomvutia zaidi, anasema, ni rimu zake nyeusi za aloi, zile zenye rangi ya mati isiyong'aa. Kila Jumamosi vijana wake wawili wanaliosha uani. Sasa rimu mbili za mbele zimetoka mabaka yanayong'aa kama kipara, na rimu za nyuma ziko vilevile. Anauliza atumie polishi gani kuzirudisha.

Hakuna polishi ya kuzirudisha, ndugu yangu. Polishi ndiyo ingemaliza na zile za nyuma.

Rangi ya mati haing'ai kwa sababu uso wake una vilima na mabonde madogo mno, ambayo jicho haliyaoni. Mwanga ukiupiga unatawanyika kila upande badala ya kurudi moja kwa moja kama kwenye kioo. Ukiusugua unavisawazisha vile vilima, na hapo ulipovisawazisha pananza kung'aa. Kwenye rangi ya kawaida, mkwaruzo mdogo fundi anaweza kuuondoa kwa polishi. Kwenye mati hawezi, maana kila anachosugua kinaongeza baka.

Na hapa ndipo malezi yetu yanapotuponza. Wengi wetu tumefundishwa kwamba kilicho safi ni kile kinachong'aa. Sufuria ya alumini ilisuguliwa kwa mchanga na majivu mpaka ukajiona sura yako, na ukiileta na weusi kidogo kwenye kitako unarudishwa nayo. Mtoto aliyepewa kazi ya kuosha rimu naye anafanya hivyohivyo: anatafuta stilwaya, anamimina sabuni ya unga, anasugua kwa bidii ya kusifiwa. Ni kweli rimu za aloi nazo, kwa kawaida, zimetengenezwa kwa alumini iliyochanganywa na metali nyingine. Lakini wewe huoshi alumini. Unaosha rangi na laka nyembamba iliyo juu yake, na laka hiyo ikitoboka, chumvi na unyevu vinaingia chini yake na kuanza kuila alumini kimyakimya. Utaona vinyuzi vyeupe vinatambaa chini ya rangi, halafu rangi inabanduka.

Kwa hiyo kabla ya kumkabidhi mtoto ndoo, mweleze kwanza kwamba kazi hii haipimwi kwa nguvu. Wala asitarajie mng'aro. Rimu ya mati iliyo safi inafanana na ubao mpya wa kuandikia: nyeusi, sawasawa, bila baka.

Uchafu wenyewe si tope tu. Ule unga mweusi unaoganda kwenye rimu ni vumbi la breki, chembe za pedi na za chuma cha diski zinazosagika kila unapokanyaga. Zinatoka zikiwa za moto na zinashika kwenye rangi, kisha chuma kile kinapata kutu na kuacha vidoa vya rangi ya kahawia. Breki za mbele ndizo zinazofanya kazi kubwa zaidi ya kusimamisha gari, ndiyo maana rimu za mbele huchafuka kwanza. Na ndiyo maana vijana wa msomaji wetu walisugua zile za mbele zaidi. Watoto hawakukosea kuona uchafu, ila silaha waliyochukua siyo.

Osha rimu zikiwa zimepoa, gari likiwa kivulini. Ukitoka safari, subiri. Diski ya breki baada ya foleni au mteremko mrefu inaweza kuunguza kidole cha mtoto, na sabuni ikimwagwa kwenye rimu ya moto inakauka kabla hujaisuuza na kuacha alama, ambazo kwenye mati huwezi kuzing'arisha zikatoka. Gari liwe limezimwa, hendibreki imevutwa, ufunguo uko mfukoni mwako na si kwa yule mdogo anayependa kuwasha redio.

Anza kwa maji mengi. Mpira wa maji unatosha. Kama una mashine ya presha, mdomo wake ukae kama sentimita 30 kutoka kwenye rimu, na usiuelekeze kwa karibu kwenye ubavu wa tairi wala mahali rangi ilipokwisha kubanduka. Maji haya ya kwanza yanaondoa mchanga. Ukiruka hatua hii, sponji inaukokota mchanga juu ya rangi, na hapo hakuna tofauti kubwa kati yake na msasa.

Kisha shampuu ya gari isiyo na nta wala kitu cha kuongeza mng'aro. Soma chupa kabla ya kulipa, maana nyingi zinazouzwa hujisifu kwa mng'aro, na wewe ndicho usichokitaka. Tumia sponji laini au kitambaa cha maikrofaiba, na brashi yenye manyoya laini kwa ajili ya kona na matundu ya nati. Ndoo mbili ni bora kuliko moja: ya povu, na ya kusuuzia sponji kabla hujairudisha kwenye povu. Ndoo na sponji za rimu zisiguse bodi ya gari. Fanya rimu moja mpaka mwisho, isuuze, ndipo uende nyingine. Ukipaka povu zote nne kwa mpigo, jua la Dar es Salaam au Dodoma litaikausha ya kwanza hujafika ya tatu.

Malizia kwa kukausha. Hatua hii wengi tunaipuuza, na kwenye mati ndiyo muhimu kuliko kwingine, hasa kama maji yenu ni ya kisima na yana chumvi. Tone likikauka lenyewe linaacha duara jeupe linaloonekana mchana kutwa kwenye rangi nyeusi. Gandamiza kitambaa, usisugue. Kazi hii mpe mtoto mdogo. Wa miaka saba au nane anaiweza vizuri kabisa, na haina dawa yoyote ndani yake.

Vidoa vya kahawia vikibaki, kuna dawa za kuyeyusha chembe za chuma zisizo na asidi kali, ambazo hugeuka rangi ya zambarau zikikutana na vumbi la breki na kutoa harufu ya kitu kilichooza. Zinafaa kwa mati, alimradi chupa iseme hivyo na umejaribu kwanza sehemu ya nyuma isiyoonekana. Isikauke juu ya rimu. Lakini ni kazi ya mtu mzima mwenye glavu za mpira, na watoto wakae upande wa pili wa gari. Lami iliyoganda ina dawa yake pia. Petroli na thina viacheni, hasa kama rimu zimepulizwa rangi mtaani, maana rangi hiyo mara nyingi ni laini kuliko ya kiwandani na inalegea ukiigusa na thina.

Sasa nisikilizeni vizuri kwenye hili la asidi, kwa sababu rimu iliyoharibika inapakwa rangi upya, mtoto hapakwi.

Kuna dawa za kusafishia rimu ambazo zinafanya kazi kwa sekunde chache: inapulizwa, inafoka povu, inamwagiwa maji, uchafu umekwenda. Baadhi yake zina asidi ya haidrofloriki au kemikali za jamii yake ya floraidi. Kwenye mati zinaacha mawingu meupe na zinaila laka. Kwenye mwili wa mtu ni balaa. Asidi hii inapenya ngozi, na ikiwa imechanganywa na maji, maumivu yanaweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Mtoto anaendelea kucheza huku inashuka chini ya ngozi na kuikamata kalsiamu ya mwili. Ikiwa nyingi inaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuua. Ile ya betri nayo, ambayo wapo wanaoijaribu kwenye rimu sugu, inaunguza ngozi na macho.

Mnapopeleka gari kwenye kijiwe cha kuoshea magari, uliza kijana anatumia nini. Usiulize kwa ukali. Muulize kama unavyomuuliza muuza samaki. Akikuonyesha chupa isiyo na lebo, mwambie atumie maji na sabuni tu, utasubiri. Naye mwenyewe mara nyingi hana glavu, na ni mtoto wa mzazi mwingine.

Lakini hatari kubwa zaidi iko nyumbani. Dawa inanunuliwa kwa kupimiwa, inatiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda, inawekwa nyuma ya mlango wa stoo. Haina rangi. Mtoto aliyetoka kucheza na kiu yake hataisoma lebo ambayo haipo. Dawa yoyote ya gari ibaki kwenye chupa yake ya asili, ifungwe, iwekwe juu na kwenye kufuli. Kama huna pa kufungia, usiilete nyumbani.

Ikimwagikia ngozi ya mtoto, mvue nguo zilizolowa na umsuuze kwa maji mengi yanayotiririka papo hapo, kisha nendeni hospitali hata kama hasikii maumivu. Ikiingia jichoni, maji mengi na hospitali vilevile. Akiinywa, usimtapishe, maana itamuunguza tena ikipanda; mkimbize. Bebeni chupa, na kama mnajua ni dawa ya rimu semeni waziwazi kwamba huenda ina floraidi, kwa kuwa tiba yake inahusisha kalsiamu na daktari hawezi kuikisia kwa kuangalia ngozi tu.

Turudi kwenye rimu. Ukishazisafisha na zikakauka kabisa, zinafaa kupewa kinga ili vumbi la breki lisishike. Nta ya kawaida haifai. Inajaza yale mabonde niliyoyasema na kuacha madoa yanayong'aa, au inaganda nyeupe kwenye kona. Tafuta kinga iliyoandikwa kuwa ni ya rangi ya mati, ama ile ya kupuliza na kufuta, ama ya seramiki. Ya seramiki hudumu zaidi lakini inadai mkono wa mtu anayeijua, kwa sababu ikikauka na michirizi imebaki hivyo. Kwa familia nyingi ile ya kupuliza inatosha, ukiirudia kila miezi michache. Utajua imekwisha pale maji yanapoacha kufanya vitone na kuanza kutanda.

Bila kinga pia mnaweza kuishi, mkiosha kila wiki au mbili. Vumbi la wiki mbili linatoka kwa povu. La miezi mitatu ndilo linalomfanya mtu atafute asidi. Wa pwani waongeze moja: mkitoka kula mihogo Coco Beach au kuogelea Kigamboni, rimu zimwagiwe maji yasiyo na chumvi jioni hiyohiyo au kesho yake asubuhi.

Dawa ya kung'arisha tairi isipulizwe moja kwa moja. Mafuta yake yakirukia rimu ya mati yanaacha doa la mafuta, na gari likianza kwenda tairi linayarusha tena. Pakaza kwa kitambaa kwenye ubavu tu, kamwe si kwenye kashata zinazokanyaga barabara, la sivyo siku ya mvua breki zitakusaliti.

Kwa fundi wa tairi, omba vipande vya balansi vya kubandika upande wa ndani badala ya vile vya kugongea kwenye ukingo, maana nyundo haijui mati. Na vile vya zamani vikitolewa, usiviache uani. Vingine ni risasi, ambayo ni sumu kwa watoto, na kwa jinsi vilivyo vizito na laini vinapendwa sana mikononi na midomoni mwao.

Sasa, baba wa vijana wawili. Rimu zako za mbele una njia mbili. Ziache hivyohivyo mpaka utakapopata nafasi, ukihakikisha hazijatoboka hadi kwenye alumini. Mabaka peke yake hayaharibu kitu zaidi ya sura. Au zipakwe rangi upya, rimu nzima, kwa sababu kiraka cha mati hakifanani na jirani yake. Kwa fundi, sema mapema unataka laka ya mati, usije ukakuta ameimalizia ya kung'aa kwa nia njema. Rangi ya zamani ikiondolewa, kagueni nyufa. Rimu yenye ufa isipakwe rangi, itupwe. Mkishazifunga tena, nati zikazwe kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, kisha zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.