Moto madukani: Nani atalipia maji ya darini katika majengo ya zamani?

Usiku wa Julai 10, 2021, moto uliteketeza Soko Kuu la Kariakoo jijini Dar es Salaam, jengo lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliunda kamati ya uchunguzi, na baadaye ukafuata ukarabati mkubwa pamoja na ujenzi wa jengo jipya kando yake.

Soko hilo ni mali ya umma, na fedha za umma ndizo zilizolirejesha. Swali gumu zaidi liko hatua chache kutoka hapo, katika mitaa ya Kongo, Mchikichi, Aggrey na Swahili. Huko nyumba zilizojengwa kwa ajili ya makazi zimegeuzwa maduka, vyumba vikawa fremu, na kila kona iliyobaki ikawa stoo ya vitenge, viatu vya plastiki na magodoro. Je, mwenye jengo la aina hiyo alazimishwe kuweka mfumo wa kunyunyiza maji unaojiwasha wenyewe moto unapozuka?

Kanuni za ujenzi katika nchi nyingi huwa na huruma kwa mzee. Jengo lililopata kibali miaka 40 iliyopita huendelea kupimwa kwa kanuni za enzi zake, hadi mmiliki atakapobadili matumizi au kulikarabati kwa kiasi kikubwa. Kanuni ya usalama wa maisha ya shirika la NFPA la Marekani, ambayo mamlaka nyingi za huko huitumia kama msingi wa sheria zao, inaonyesha huruma hiyo kwa tarakimu. Jengo jipya la maduka hutakiwa kuwa na mfumo huo likizidi jumla ya mita za mraba 1,115. Jengo la zamani la ghorofa halibanwi hadi lipite takriban mita za mraba 2,800.

Kuna mahali pamoja ambapo huruma hiyo hukoma. Sakafu ya chini ya ardhi inayotumika kuuzia au kuhifadhi bidhaa zinazoshika moto ikizidi mita za mraba 232, umri wa jengo si hoja tena. Sababu yake inaeleweka. Moshi wa chini hauna dirisha la kutokea, na askari wa zimamoto hulazimika kushuka kwa ngazi ileile ambayo joto linapandia.

Gharama ya kuliacha jengo la zamani lilivyo ilionekana Charleston, jimbo la South Carolina, Juni 18, 2007. Duka la samani lililokuwa ndani ya jengo lililoanza kama supamaketi, kisha likaongezewa vyumba na ghala, liliungua bila kuwa na mfumo wa kunyunyiza maji. Askari tisa wa zimamoto walikufa. Uchunguzi wa taasisi ya serikali ya NIST ulihitimisha kuwa mfumo huo ungeudhibiti moto mapema.

Wapo wafanyabiashara wanaoamini kuwa mfumo ukiwaka, maji humwagika duka zima na kuharibu mali yote. Sivyo. Kila kinyunyizi kina kichupa kidogo cha kioo chenye kimiminika. Kile cha kawaida hupasuka joto likifika nyuzi 68. Hufunguka kile kilichofikiwa na joto, vingine hubaki vimefunga. Hasara ya maji ni ndogo ukilinganisha na ya mpira wa zimamoto unaomwaga kupitia dirishani.

Tatizo la kweli ni maji yenyewe. Viwango vya Ulaya kwa maduka ya kawaida hukadiria milimita tano za maji kwa dakika juu ya mita za mraba 216, kwa muda wa saa moja. Hiyo ni takriban lita 65,000, yaani matangi 13 ya lita 5,000 kama yale yanayoonekana juu ya mapaa ya Kariakoo, yote yakiwa yamejaa na hakuna anayechota humo kuoshea sakafu. Mgawo wa maji ulioikumba Dar es Salaam mwishoni mwa 2022 ulionyesha kwamba bomba la mtaani haliwezi kutegemewa peke yake. Pampu nayo huhitaji injini ya dizeli ya akiba, kwa kuwa umeme hukatika, na mara nyingi moto wenyewe ndio huukata.

Kisha kuna marobota. Kinyunyizi huhitaji nafasi wazi ya karibu sentimita 45 chini yake ili maji yatawanyike. Aliyepata kuingia katika stoo ya Kariakoo anajua kuwa nafasi hiyo huhesabika kuwa hasara.

Mpangaji aliyelipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo hawezi kuchimba tangi kwenye jengo la mtu. Mzigo huu ni wa mwenye jengo, na wakati wa kumbana ni pale anapokwenda kuomba kibali. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya 2007 tayari inampa mkaguzi mamlaka ya kuingia na kukagua. Kudai majengo yote ya zamani yatimize kila kitu kwa mwaka mmoja ni kukaribisha vyeti vya mezani. Kuanza na stoo za chini ya ardhi kunawezekana.

Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua zaidi ya watu 20. Hapakuwa na moto, lakini ilielezwa kuwa kazi iliyokuwa ikiendelea ni ya kupanua sehemu ya chini kwa ajili ya biashara. Serikali iliunda kamati ya kukagua majengo ya eneo hilo, na mjadala uliofuata ulikuwa wa nguzo na vibali. Maji ya kuzimia moto katika vyumba vinavyochimbwa chini ya maduka hayakupata nafasi kubwa katika mjadala huo.