Kelele za pikipiki na somo tuliloliacha ubaoni

Wahenga walinena kuwa debe tupu haliachi kuvuma. Methali hiyo ilinijia akilini jioni moja nikiwa Sena, kisiwani Mfangano katika Kaunti ya Homa Bay, pale pikipiki ya bodaboda ilipopita ikinguruma kiasi cha kukatiza mazungumzo ya watu waliokuwa wakisubiri mashua ya kwenda Mbita. Watoto walishangilia. Wazee walitikisa vichwa. Nami nilisikia jambo jingine ndani ya ngurumo ile: kila dereva alipopunguza mafuta kwenye mteremko, bomba la moshi lilitoa mipasuko kama ya bisi zinazokaangwa. Injini ile ilikuwa ikilalamika, na hapakuwa na wa kuisikiliza.

Haukupita muda mrefu kabla sijamkuta mwenye pikipiki hiyo chini ya mti, mashine yake imefumuliwa. Pistoni ilikuwa na mikwaruzo mirefu, na ukuta wa silinda ulikuwa umechubuka. Mkopo alionunulia pikipiki hiyo hakuwa amemaliza kuulipa.

"Mwalimu," aliniambia kwa unyonge, "fundi alinihakikishia kuwa ameirekebisha."

Neno hilo la "mwalimu" lilinichoma, kwa maana kijana huyo nilimfundisha mimi mwenyewe fizikia. Katika mtihani aliichora kabureta vizuri, akaandika majina ya sehemu zake zote, nami nikampa alama kamili. Iweje basi mtu aliyepata alama zote za kabureta aiue injini yake kwa sababu ya kabureta?

Hebu tuanze na yaliyotendeka. Kijana aliondoa bomba la moshi lililokuja na pikipiki, akafunga jingine la dukani lisilo na vizuizi vingi ndani. Ili injini "ipumue vizuri" akaondoa pia kichujio cha hewa. Akampelekea fundi. Fundi akachukua bisibisi, akazungusha skrubu ndogo iliyo ubavuni mwa kabureta hadi injini ikatulia ikinguruma sawasawa pale iliposimama. Wakapeana mikono. Kila mmoja aliamini kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Kabureta haijui ni bomba gani limefungwa nyuma yake. Kazi yake ni kuipa injini petroli inayolingana na hewa inayopita. Ili petroli iungue kikamilifu, kila kilo moja ya mafuta huhitaji karibu kilo 14.7 za hewa. Bomba jepesi hutoa moshi upesi, na mlango wa hewa usio na kichujio huingiza hewa bila kizuizi. Hewa huongezeka, lakini tundu linalopitisha petroli hubaki lile lile. Mchanganyiko huwa mkavu, yaani hewa nyingi na mafuta haba. Mchanganyiko mkavu hupandisha joto la injini inapobeba mzigo, na injini ndogo inayopozwa kwa upepo tu haina pa kulipeleka joto hilo. Isitoshe, mlango usio na kichujio hukaribisha vumbi la barabara, nalo huisaga silinda kama msasa.

Je, ile skrubu ya fundi haikusaidia? Ilisaidia mahali padogo mno. Mkono wa mafuta una sehemu tatu, na kila sehemu ina mtawala wake. Pikipiki ikiwa imesimama, au mkono ukizungushwa kidogo hadi kama robo, skrubu na jeti ndogo ndizo zenye kauli. Kutoka robo hadi robo tatu, sindano iliyo ndani ya kabureta ndiyo inayopima. Kutoka robo tatu hadi mwisho, kauli ni ya jeti kubwa, kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu jembamba. Fundi aliirekebisha pikipiki ikiwa imesimama. Kijana aliiendesha akipanda vilima vya Mfangano, abiria wawili na gunia la omena nyuma yake, mkono umezungushwa hadi mwisho. Pale palikuwa na mtawala mwingine, naye hakuguswa.

Kuna kosa jingine linalowapata wengi. Skrubu hizo si za aina moja. Aghalabu ile iliyo upande wa injini hupima mchanganyiko, na ukiifungua unaongeza mafuta. Ile iliyo upande wa kichujio hupima hewa, na ukiifungua unapunguza nguvu ya mafuta. Asiyejua tofauti hiyo huenda akaongeza maradhi akidhani anatoa dawa.

Tiba yenyewe haihitaji miujiza. Kwanza rudisha kichujio safi. Kagua maungio ya bomba jipya, kwani hewa inayopenya hapo nayo huleta mipasuko na kumpotosha fundi. Kisha weka jeti kubwa yenye tundu pana kidogo, hatua moja kwa wakati. Ikiwa sindano ina mikato ya kurekebishia, teremsha kibanio chake mkato mmoja ili sindano ipande na kupitisha mafuta zaidi. Skrubu iguswe mwisho, injini ikiwa imepata moto. Badilisha kitu kimoja tu, ujaribu, uandike ulichokiona, ndipo ubadilishe kingine. Hakimu wa kesi hii ni plagi. Iendeshe pikipiki ikiwa na mzigo, izime, acha ipoe kidogo, kisha ifungue plagi na utazame ncha yake. Nyeupe kama chokaa ni dalili ya mafuta haba. Nyeusi yenye masizi ni dalili ya mafuta mengi. Rangi ya udongo wa kahawia ndiyo inayotakiwa.

Msomaji mwalimu bila shaka ameng'amua kuwa maneno hayo ni fizikia na kemia tupu. Daniel Bernoulli alichapisha kanuni yake mwaka 1738: mahali mkondo unapokwenda kasi, kanieneo hupungua. Mwaka 1893 Donát Bánki na János Csonka wa Hungaria walipata hataza ya kabureta inayotumia mvuto wa hewa kunyunyiza mafuta. Kwa miaka mingi kabureta imekuwa mfano wa kanuni hiyo katika fizikia ya kidato cha pili humu nchini. Mifano hiyo nimeifundisha kwa chaki, mwaka baada ya mwaka, huku bodaboda zikipita nje ya dirisha zikiwa na kabureta halisi. Sikuwahi hata siku moja kumwomba fundi aje na moja darasani.

Hapo ndipo ninapoliona kosa, na sijiondoi mimi. Tumeyagawa maarifa mafungu mawili. Fundi amepewa bisibisi bila sababu, mwanafunzi amepewa sababu bila bisibisi. Fundi wa chini ya mti ana masikio yanayoweza kutambua valvu iliyolegea kutoka mbali, lakini hakuna aliyemweleza kwa nini skrubu haiwezi kufanya kazi ya jeti. Mwanafunzi anaweza kuikariri kanuni ya Bernoulli hata akiamshwa usiku wa manane, lakini akipewa kabureta mkononi huiuliza jina. Elimu bila amali ni kama nta bila asali.

Wala si kwamba taifa halikuliona tatizo hili. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 uliahidi kuunganisha vitabu na kazi za mikono. Wengi wetu tunakumbuka jinsi ahadi hiyo ilivyokosa karakana na vifaa, hadi mtihani ukabaki ndio mwalimu mkuu wa kila shule. Mwaka 2023 watahiniwa wa mwisho walifanya KCPE, na sasa tumo katika mtaala wa umilisi, ambao shule za sekondari ya msingi zinafundisha somo la awali la ufundi. Ni hatua njema. Hata hivyo, ikiwa somo hilo nalo litafundishwa kwa michoro ya ubaoni, tutakuwa tumebadilisha jina la chungu na kupika uji ule ule.

Yupo atakayesema kuwa ninaililia mashine inayokufa. Pikipiki zenye mifumo ya kunyunyiza mafuta kwa kompyuta zipo, na za umeme zinauzwa nchini. Hoja hiyo ina uzito. Lakini pikipiki za kabureta ndizo zinazowapeleka akina mama wajawazito zahanati na samaki sokoni katika vijiji vingi hivi leo. Tena, fikra ya kuwa ukigusa sehemu moja ya mtambo umezigusa zote haitakufa pamoja na kabureta. Atakayebadilisha betri ya pikipiki ya umeme bila kufikiria waya na mota atafundishwa somo lile lile, kwa bei iliyo ghali zaidi.

Yupo pia atakayetetea ngurumo yenyewe kwamba huwaonya waendao kwa miguu penye kona. Nami namwuliza: honi ni ya nini? Kanuni za kudhibiti kelele zilitolewa nchini mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira, na mgonjwa aliyelala zahanati ana haki ya usingizi sawa na mwanafunzi aliye na kitabu usiku. Lakini amri peke yake haitoshi. Kijana akielewa kuwa ile mipasuko anayoionea fahari ni dalili ya mchanganyiko ulioharibika, na huenda ni fedha zake zinazoteketea, hatahitaji askari wa kumkataza.

Wavuvi wa Mfangano wanaweza kutufundisha jambo hapa. Sijamwona mvuvi akiongeza kelele kwenye mashine ya mashua yake kwa ajili ya kusifiwa ufuoni. Anajua kuwa mashine ikizima katikati ya ziwa, hapana mti wa kuegemea. Huyo husikiliza kila mabadiliko ya sauti kwa sababu uhai wake umo ndani yake. Kijana wa bodaboda anapaswa kusikiliza hivyo hivyo, hasa kisiwani, ambako jeti yenye tundu linalofaa huenda ikabidi ingojewe na mashua.

Basi napendekeza jambo moja dogo, lisilongoja bajeti ya serikali. Kila mwalimu wa sayansi amwalike fundi mmoja wa karibu, hata mara moja kwa muhula, na kabureta moja mbovu. Wanafunzi waifungue, wapime matundu ya jeti, walinganishe plagi tatu za rangi tatu, na waulizane kwa nini jeti inayofaa Mombasa ufuoni mwa bahari huenda ikamwaga mafuta kupita kiasi hapa penye ziwa lililo karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Fundi naye asiondoke mikono mitupu. Aondoke na ile sababu aliyonyimwa.

Kijana wangu alipata pistoni nyingine, kwa deni jingine. Siku ya kuifunga nilikaa naye chini ya ule mti, tukazungusha, tukajaribu, tukaandika. Plagi ilipotoka na rangi ya kahawia alicheka, akaniuliza mbona sikumwonyesha hayo akiwa darasani. Sikuwa na jibu. Walimu wenzangu, tusingoje kuulizwa swali hilo mbele ya injini iliyokwisha kufa.